Waya wa Betri Kiunoni

Lori lenyewe ni la jeshi, la zamani, lililouzwa mnadani kabla sijaolewa. Rangi ya kijani imebaki milangoni tu. Ubavuni limepakwa bluu na mtu ambaye rangi ilimwishia kabla hajafika nyuma. Masika yakishika, magari mengine yote yanaishia hapa Njia Nne, na njia ya kupanda Kipatimu inabaki ya lori hilo peke yake. Linapeleka chumvi, papa mkavu, sabuni na petroli ya bodaboda. Linarudi na machungwa na wagonjwa. Kwa hiyo nikisema kwamba siku ile nililizuia lisiondoke, msomaji ajue nilizuia nini. Halikuwa jambo dogo na sitalifanya dogo.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Shule niliishia darasa la saba. Hesabu za umeme walizonazo wenzangu waliopita chuo mimi sina; nilichonacho nilikipata Mingoyo, kwa shemeji yangu aliyekuwa akichaji betri pale njia panda, akanifundisha kushika waya na kuusikiliza. Siandiki hivi kwa kujisifu wala kwa kujionea huruma. Naandika ili anayesoma apime maneno yangu, maana hata mimi mara nyingi nayapima na kuyaona mepesi.

Mwenye lori ni mtani wangu. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu, hakuna anayejua nani alianza. Mtani akikuta kuku wako uani anaweza kumkamata akaondoka naye, na wewe huna ruhusa ya kununa. Unakwenda kukomboa. Ukinuna, umeshindwa, na watu watakucheka mpaka mwaka mwingine uingie. Mimi na bwana huyu tumetaniana toka utotoni. Yeye huniita mchawi wa nyaya. Mimi humwambia kwamba ukoo wao waliuziwa lori kwa sababu jeshi lilichoka kulisukuma.

Asubuhi hiyo alikuja likiwa limeshapakiwa. Watu walikuwa wamekaa juu ya magunia ya chumvi. Nyuma kabisa, upande wa tangi, yalikuwepo makapu ya papa mkavu, na katikati mapipa mawili ya petroli yamefungwa kamba. Akashuka, hata salamu hakumaliza.

"Mtani, safari iliyopita nusura tufe. Kwenye kilima kikubwa gari ilizima, ikaanza kurudi nyuma. Utingo akatupia gogo chini ya tairi, ndilo lililotuokoa. Halafu ikawaka yenyewe. Mbele kidogo, ikazima tena. Ni ile breka yako. Itoe, piga dairekti, tuondoke. Nina watu wa msiba humu."

Breka aliyoitaja siyo ya kusimamisha gari. Ni kile kijisanduku cha bati, kidogo kama kiberiti, kilichofungwa nyuma ya dashibodi. Gari za raia zina fyuzi, ikiungua unaitupa. Hizi za jeshi za zamani ziliwekewa breka: ndani mna ukanda wa chuma, waya ukizidiwa ukanda unapata joto, unapinda na kukata umeme. Ukipoa unarudi mahali pake na umeme unapita tena. Ndiyo maana lori lilizima na kuwaka lenyewe kama lina akili. Na breka hiyo ndiyo inayolinda waya wa pampu ya mafuta, na pampu ya lori hilo imo ndani ya tangi. Kupiga dairekti ni kuziunganisha zile nyaya mbili na kuitoa breka njiani. Hapo hakuna wa kukata tena. Waya utabeba chochote utakachobebeshwa, mpaka uwe mwekundu.

"Niipime kwanza," nikamwambia.

"Pima haraka."

Nikaifungua. Nilikuwa na taa za mbele za basi bovu, za volti ishirini na nne kama lori lenyewe. Nikaifunga breka kwenye betri na kuning'iniza taa moja, kisha nyingine, na nyingine, huku kidole changu kikiwa juu ya bati. Kwa mzigo unaofanana na wa pampu ilikuwa na uvuguvugu tu, kama kikombe cha chai iliyosahauliwa. Nikaiacha hivyo watu wakinywa uji pembeni. Haikukata. Nikaongeza taa mpaka zikapita kipimo chake, ikalia *tik*, zote zikazima. Ikapoa, zikawaka. Nikapima pia mwanga kabla ya breka na baada yake, ukawa sawasawa, maana yake haili umeme njiani. Ilikuwa nzima. Imenizidi umri, lakini nzima.

Nikamwambia, "Breka haina kosa. Kuna mahali waya wako unagusa chuma. Unapiga shoti, na breka inakwambia."

"Ikiniambia nikiwa juu ya kilima inaniua, mtani. Afadhali inyamaze."

Hapa lazima niwe mkweli kwake. Hakuwa anasema upuuzi. Gari lenye watu likizima mlimani, breki za upepo zimechoka, tope mpaka magotini, hicho nacho ni kifo. Yeye alikuwa ameliona kwa macho gari lake likirudi nyuma. Mimi nilikuwa nimeona jambo jingine: lori lililoungua Mingoyo nilipokuwa bado najifunza, na waya wake ulioyeyuka ukashikana na chesisi kama gundi. Shemeji alisema ni dairekti. Wengine walisema ni sigara. Sikuwepo lilipowaka, siwezi kuapa. Ila tangu siku ile sijawahi kupiga dairekti waya unaoingia kwenye tangi, na siku hii juu ya tangi palikuwa na watu, na katikati ya watu palikuwa na petroli.

"Dairekti sifungi," nikasema.

"Atafunga dereva. Ni nyaya mbili tu."

Na kweli zilikuwa mbili tu. Mtoto yeyote mwenye spana angeweza. Dereva, kijana wa mjini mwenye miwani ya jua hata mvua ikinyesha, alikuwa ameshakunja mikono ya shati. "Fundi, unatuzingua," akasema. "Mwenye mali kaamua. Wewe ni nani?"

Nilisimama pale najiuliza hilohilo. Mimi ni nani? Kama nimekosea, ni mwanamke mmoja wa darasa la saba aliyechelewesha msiba kwa sababu ya kijisanduku cha bati. Kisha nikaenda ubavuni mwa lori, nikafungua sanduku la betri. Malori haya yana betri mbili zilizoungwa kwa kipande kifupi cha waya mnene, ya kwanza kwa ya pili. Ukikiondoa, huna lori, una chuma. Nikakilegeza na kukichomoa, nikakipitisha kiunoni chini ya kanga, nikaifunga kanga mafundo mawili juu yake.

"Nimeteka," nikasema kwa sauti ili watu wote wasikie. "Mtani, nimekuteka. Ukikitaka, komboa."

Mama mmoja juu ya magunia akapiga kigelegele kifupi, kilimtoka tu, akajiziba mdomo. Watu wakacheka. Mtani wangu aliangalia kiunoni mwangu, akaangalia watu, nikaona hasira ikipanda shingoni na kukwama hapo kwa sababu haina pa kwenda. Hawezi kununa. Na hawezi kutia mkono pale mbele za watu.

"Mchawi wewe!" akasema.

"Mchawi ni ukoo wenu. Sisi tunateka tu."

"Taja. Jogoo? Mchele?"

"Jogoo wenu wanaumwa kideri. Sitaki. Shusha mapipa. Ulaze lori lako hapa mpaka tuone waya unagusa wapi, na wewe mwenyewe ushike taa ya kupimia. Si dereva. Wewe."

Watu wakacheka tena, ila si wote. Palikuwa na bibi mmoja aliyekuja kutoka Mitole, amekaa mbele karibu na kibanda cha dereva, ushungi umemfunika mpaka machoni. Yeye ndiye alikuwa wa msiba. Mdogo wake, wa tumbo moja, alikuwa amefariki alfajiri huko milimani. Bodaboda walimkatalia, njia haipitiki kwa pikipiki. Mzee mmoja aliyekuwa naye akanyoosha fimbo akanionyesha.

"Binti, utani haufungi gari la msiba."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Utani haufungi gari la msiba."

"Watani ndio wanaochezea hata jeneza, babu. Msiba ndio nyumbani kwao."

"Wanachezea, hawazuii. Jua tofauti yake."

Tofauti hiyo naitafuta mpaka leo. Utani ni wa kuchekesha walio hai na kuwapunguzia uzito waliofiwa. Mimi niliutumia kama kufuli. Kama kuna mzee wa kimila atakayesoma hapa na kusema nilivunja desturi, nitamwambia: pengine ni kweli. Na waya nisingeutoa.

Bibi alishushwa, akakaa kwenye kibao changu cha kazi, uso ameuelekeza njia ya milimani.

Mapipa yakashushwa, na watu, magunia na makapu ya papa vikafuata. Mtani wangu akaingia chini ya lori kwenye tope na taa ya kupimia mkononi, analalamika kama mbuzi. Nikazirudishia betri kile kipande cha waya kwa muda, breka nikaifunga mahali pake: waya unaotoka betri upande wake, unaokwenda kwenye pampu upande wake, nati nikazikaza mpaka spana ikagoma. Nikabaki nimeshika kile kipande kwa mkono mmoja pale sandukuni, tayari kukichomoa. Dereva akawasha. Lori likaunguruma vizuri kabisa. Tukasubiri. Halikuzima. Tukatikisa waya huku na huku, hapa, pale, hakuna kitu.

"Umeona?" mtani akasema kutoka chini. "Hiyo shoti yako iko wapi? Gari nzima. Breka ndiyo mbovu."

Watu waliokuwa wamecheka pamoja nami wakaanza kunung'unika. Adhuhuri ikaadhiniwa, wanaume wakaenda kuswali, na mimi nikabaki na lori linalounguruma bila kosa lolote, nikijiona mjinga kuliko wajinga wote wa Kilwa. Nilifikiri: labda chini ya mzigo ukanda unachoka, labda taa zangu za basi zinadanganya. Kidogo nifunge sanduku la betri na kumwambia basi, nimeshindwa, nendeni.

Kilichonizuia ni neno lake mwenyewe. Alisema lilizima kwenye kilima. Akasema tena mbele kidogo. Bondeni hakutaja kuzima hata mara moja. Gari lililosimama uwanjani limenyooka kama mtu aliyelala. Likipanda na mzigo, chesisi inajipinda, bodi inahama kidogo, na vitu visivyogusana vinagusana. Sasa mimi kilima nitakitoa wapi Njia Nne?

Nyuma ya banda langu kuna kichuguu, kikubwa, kimekomaa, mchwa walishakihama. Wanaume waliporudi kutoka kuswali nilimwambia dereva, "Pandisha tairi la mbele la kulia pale juu."

"Amechanganyikiwa," dereva akasema. Lakini akalipandisha, maana alitaka kuona ninavyoaibika, na hata mimi ningetaka. Lori likainua bega moja, likalalama kila ungio. Bado likaendelea kuunguruma. Mtani akarudi chini na taa yake.

"Sasa pandeni."

"Nani?"

"Ninyi nyote. Na magunia yarudi. Na papa warudi mahali pao. Mapipa yabaki chini."

Ningependa mtu auone mkutano ule. Watu wazima, wenye haraka, wamekaa juu ya lori lililopanda kichuguu, haliendi popote. Yule mama wa kigelegele akasema, "Kondakta, tushushe Kipatimu mbele ya msikiti." Mwingine akajibu, "Kaeni vizuri, tunaingia konani." Hata mzee wa fimbo alipanda, amekasirika vilevile, akasema kama ni mzigo basi na yeye ni mzigo. Bibi hakupanda. Hakuna aliyemwomba.

*Tik.*

Niliisikia nikiwa nimeinamia dashibodi. Injini ikakohoa, ikajikokota, ikazima. Nikazunguka mbio nikachomoa kipande cha betri, kisha nikaingia chini kwa magoti alikokuwa mtani wangu.

"Usiguse," nikamwambia. "Angalia tu."

Pembeni mwa tangi, chini ya ubao wa bodi, waya wa pampu ulikuwa umevimba na kuwa kijani, ngozi yake imechanika kama ngozi ya mguu mkavu. Kwa kujipinda kule bodi ilikuwa imekaa juu yake na kuukandamiza kwenye bolti. Pale ulipogusa palikuwa na alama nyeusi, mpya na kuukuu. Na juu yake, kwenye mwanya wa ubao, matone yalikuwa yanadondoka polepole. Mtani akayapokea kwa kidole, akaonja.

"Chumvi," akasema.

Yalikuwa maji ya papa; hata akiwa mkavu, chumvi yake huvuta unyevu wa masika na kudondoka. Tangu lori linunuliwe, makapu ya papa hukaa kona ile, nyuma upande wa tangi, kwa sababu upepo unachukua harufu kwenda porini na abiria hawasumbuki. Ni adabu. Kila mtu wa njia hii anajua papa hukaa pale. Maji ya chumvi yakashuka miaka yote kupitia mwanya uleule, mahali palepale, yakaula waya. Hakuna aliyekosea kwa ubaya. Walikuwa wanatunza pua za watu.

Tulikaa kule chini, mimi na yeye, tope mpaka nyweleni. Nilidhani sasa atasema neno. Alisema:

"Basi badilisha kipande hicho. Halafu breka tuitoe tu, mtani. Kwa usalama."

Nilitaka kumpiga na spana. Kisha nikaona hatanii. Picha ya gari linalorudi nyuma ilikuwa bado kichwani mwake na waya mmoja wa kijani usingeiondoa. Nikamwambia, "Waya huu ungekuwa dairekti ungekuwa umewaka hapa ulipolala. Karibu na tangi. Na hao juu."

"Labda."

"Labda," nikakubali, maana labda ni neno la haki. "Lakini breka inakaa. Ukiitoa nakuteka tena. Kila safari. Nitakuja na kanga mpya."

Akatazama alama nyeusi kwa muda. "Iache," akasema. "Ikaze wewe mwenyewe, ili ikiniua nijue wa kumsumbua."

Nikakata waya mbovu, nikaunga mpya, nikaupitisha ndani ya mpira wa bomba na kuufunga mbali na bolti, upande wa ndani wa chesisi, kisha nikarudisha kipande cha betri mahali pake. Makapu ya papa yakahamishiwa mbele. Abiria walilalamika kwa nguvu kuliko walivyolalamika siku nzima, na mtani wangu akawajibu kwa ukali kwamba anayetaka marashi apande basi la Dar. Mapipa nilikataa yasiende na watu safari ile. Akasema hilo halikuwemo kwenye fidia. Tukabishana. Akaliacha moja, akapakia moja. Hapo nilishindwa nusu, na naandika kwamba nilishindwa nusu.

Wakati dereva anarudisha lori nyuma kushuka kwenye kichuguu, simu ya mzee wa fimbo ililia. Alisikiliza, akasema "Inna lillahi," akaizima. Akamwendea bibi pale kwenye kibao changu, akainama sikioni mwake. Wameshazika. Walisubiri mpaka baada ya adhuhuri, kisha wakasema maiti hasubirishwi.

Je, lori lingeondoka asubuhi angewahi? Nimeligeuza hili mara nyingi. Pengine angewahi. Pengine wangezima kwenye kilima na asingewahi. Pengine jambo lingine, lile ninaloliogopa. Hakuna ajuaye, na mimi sitajipa jibu linalonipendeza. Ninachojua ni kwamba alitaka kuona uso wa mdogo wake na hakuuona, na waya ulikuwa kiunoni mwangu.

Nilimwendea. "Bibi, shikamoo. Pole kwa msiba."

Hakuitikia marahaba. Aliinuka taratibu, akajipangusa vumbi la kibao changu, akapita mbele yangu mpaka kwenye lori. Watu wakampa mikono kutoka juu. Kabla ya kuikamata aligeuka.

"Mimi sijakusamehe," akasema. "Lakini napanda."

"Usinisamehe, bibi," nikamwambia. "Kaa mbele, na shika hicho chuma. Njia ni mbovu."